Barua kwa mwanangu aliyeko Kolwezi: kuhusu gari, daftari na mshahara

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote ni wazima. Dada yako amepona malaria, na ule mwembe uliokuwa ukitishia ukuta wa jirani tumeukata. Nimechelewa kukujibu kwa sababu uliyoniambia Jumapili hayakuwa maneno ya kujibiwa kwenye simu, huku unite za simu zikikaribia kwisha na watu wakipita uani. Uliniambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba unataka kununua gari la dola 7,000 kwa mkopo utakaokatwa kwenye mshahara wako kila mwezi, na kwamba umesikia habari za Wamarekani wanaoacha kazi wakiwa na umri wa miaka arobaini kwa kuwa walijibana na kuweka akiba, nawe unatamani kuwa kama wao. Mwanangu, mambo hayo mawili hayalali nyumba moja. Nimekaa na daftari langu jioni tatu ili nikueleze ni kwa nini.

Babu yako, ambaye unabeba jina lake, aliingia kazini wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na baada ya serikali kutwaa migodi mwaka 1967 akaendelea katika kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines hadi uzee wake. Watu wa enzi zake walikuwa na msemo unaoujua: kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Haukuwa mzaha. Unga wa posho, nyumba ya kambi, hospitali ya kuzalia na shule ya watoto vilitoka katika mlango mmoja, na mtu alipotoka kazini jioni hakuwa na sababu ya kuhesabu chochote, kwa maana kulikuwa na karani aliyemhesabia. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa mabaya. Mimi mwenyewe niliolewa katika nyumba iliyolishwa hivyo na nikanenepa. Nasema kwamba yalitufundisha kula bila kujua bei ya chakula. Kisha mgodi wa Kamoto wa Gécamines uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980, ukawa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Hapo ndipo wengi walipogundua kwamba yule baba na mama naye anaweza kufa.

Marehemu baba yako alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya elfu kumi walioondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004. Alipokea dola 5,200. Hatukuwa tumewahi kuziona noti nyingi hivyo mahali pamoja, na nilizishona ndani ya mto usiku wa kwanza, jambo ambalo baba yako alilicheka hadi siku alipofariki. Ninayo hesabu ya zilivyokwenda, ingawa niliiandika nyuma, kwa kukumbuka: basi dogo lililokuwa limechoka kuliko sisi, lililofanya kazi miezi minane, kilio, yaani mazishi, cha mjomba, ambacho watu walitutazamia sisi tukigharimie kwa kuwa tulijulikana tumepokea fedha, televisheni kubwa, vikwembe (vitenge) vya arusi mbili, na dola zisizopungua 900 ambazo hata leo sijui zilikwenda wapi. Simlaumu baba yako. Televisheni niliichagua mimi. Ila zile 900 ndizo zilizonifanya ninunue daftari, na ndizo zinazonifanya nikuandikie leo.

Sasa tuangalie yako. Unalipwa dola 800. Ulinitajia kodi ya nyumba 150, chakula 200, nauli na safari 60, simu 40, kutoka na rafiki zako na bia zenu za Simba 120, na kutusaidia sisi na wengine 80. Jumla ni dola 650. Nilikuuliza mara mbili dola 150 zinazobaki ziko wapi, na mara zote mbili ulinijibu, "Mama, zinaisha tu." Fedha haziishi tu, mwanangu, kuna mkono unaozitoa. Kabla ya kufikiri kuhusu gari au kuhusu Wamarekani, ninakuomba uandike kila faranga kwa miezi mitatu, hata ile ya karanga, bila kujikataza lolote. Usijibane bado. Andika tu, kisha usome mwisho wa mwezi ukiwa peke yako, na kila mstari ujiulize kama ulikuwa na maana kwako au ulifanyika kwa sababu wengine walikuwa mezani. Mimi niliposoma daftari langu la kwanza niliona kwamba nilikuwa ninanunua unga kwa meka, yaani kwa kipimo kidogo, kila siku, katika nyumba ya watu saba, nikilipa zaidi kuliko mwenye gunia. Yaani umaskini wenyewe ulikuwa unanitoza ada. Tangu hapo nikaanza kununua mahindi baada ya mavuno, kuanzia Mei, na kuyasagisha kidogo kidogo, ili Januari na Februari bei inapopanda, au Zambia inapozuia mahindi yake kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, bukari yetu, yaani ugali, isitegemee habari za redio. Wewe unaishi peke yako na hutahitaji magunia, lakini umenielewa.

Hesabu ya hao Wamarekani nimeelezwa na binti wa jirani anayesoma uchumi, nami nimeiona ni rahisi kuliko ulivyoifanya. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa huko, William Bengen, alichunguza historia ya hisa na hati za dhamana za serikali ya Marekani, akaona kwamba mtu angeweza kutoa kama asilimia 4 ya lundo lake la akiba mwaka wa kwanza, kisha kuongeza kiasi hicho kadiri bei za vitu zinavyopanda, na lundo lingemtosha kwa miaka 30. Kutokana na hapo watu wanasema: kusanya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Angalia wanazidisha nini. Hawazidishi mshahara, wanazidisha matumizi. Anayetumia dola 650 kwa mwezi anahitaji lundo la dola 195,000, na anayetumia 400 anahitaji 120,000. Kila dola moja unayoacha kuihitaji kwa mwezi inakupunguzia dola 300 za lundo (miezi 12 mara 25), na kila dola unayojizoeza kuihitaji inakuongezea 300.

Ndipo tufike kwenye gari. Umenipigia hesabu ya bei yake. Mimi nimekupigia hesabu ya tumbo lake. Mafuta, matairi, fundi, bima, kodi ya barabara na wale wa barabarani wasiotoa risiti: tuseme dola 160 kwa mwezi, na nimekuwa mpole. Zidisha kwa 300. Gari la dola 7,000 linakudai lundo la dola 48,000 ili liendelee kutembea siku ambayo hutakuwa na mshahara, na hapo sijagusa riba ya mkopo. Nalo litafanya nini? Basi la kazini linakuchukua alfajiri na kukurudisha jioni siku sita za wiki. Gari litasimama mbele ya nyumba yako Jumatatu hadi Jumamosi likioshwa na mtoto wa jirani, na Jumapili litapeleka watu wengine kwenye shughuli zao. Kama lingekuwa chombo cha kazi yako ningenyamaza.

Lakini usije ukanakili hesabu ile kama ilivyo. Kule wana masoko ya hisa yenye historia ndefu. Nchini kwetu hakuna soko la hisa. Na babu yako alikuwa na kitabu cha akiba. Mwaka 1967 zaire, fedha yetu ya zamani, ilipozaliwa, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2. Oktoba 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Ukizidisha utaona kwamba faranga moja ilimeza zaire bilioni 300 za babu yako. Faranga yenyewe ilipoanza mwaka ule, dola moja haikufika faranga mbili, na leo inataka zaidi ya 2,000. Kwa hiyo akiba yako iwe katika dola, katika akaunti isiyoungwa na simu yako, na ikatwe siku ileile ya mshahara kabla hujanunua hata vocha. Anza na dola zile 150 ambazo zinaisha tu, kwa kuwa hazijakuonyesha faida yoyote na hutazikosa. Hapo ndipo ninapopimia uhuru wa kifedha, kwa miezi: unaweza kuishi miezi mingapi bila kusaini karatasi ya mtu? Ukiweka moja ya kumi ya mshahara, miezi tisa ya kazi inakununulia mwezi mmoja wa kujitawala. Ukiweka nusu, kila mwezi unanunua mwezi.

Akiba ya miezi sita iwe ya kwanza, na usiiguse kwa kiwanja wala kwa chumba. Wewe hujaajiriwa na kampuni kubwa. Umeajiriwa na mkandarasi mdogo, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Shaba ilishuka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani katikati ya mwaka 2008 hadi karibu 3,000 mwaka ulipokwisha, na vijana walirudi hapa na mabegi yao kabla ya Krismasi. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili bei ipande. Uamuzi huo huenda ulikuwa na busara yake, lakini mwenye mkataba mfupi haulizwi.

Kuhusu ndugu, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashauri ya watu wa mbali yanapotukosa. Wao wanaandika kana kwamba mtu ana mfuko mmoja na mdomo mmoja. Wewe una shangazi watatu, binamu wasiohesabika, na jina la babu ambalo wazee watalitaja kila watakapohitaji kitu. Usiwakimbie, wala usibadilishe namba ya simu kama alivyofanya yule jirani yetu, ambaye kilio cha mama yake kilikuwa na watu kumi na wawili. Uwawekee fungu lao linalojulikana, ile 80 au hata 100, na mwanzoni mwa mwezi uamue sehemu ya ugonjwa na masomo na sehemu ya sherehe. Fungu likiisha, usiseme huna, maana utakuwa unadanganya na siku moja watakuona ukinywa. Sema, "Shangazi, mwezi huu nimekwisha kutoa, nitakuweka wa kwanza mwezi ujao," na mwezi ujao umweke kweli wa kwanza. Wataguna. Shangazi yako mkubwa aliniguna miaka miwili, kisha akawa yeye ndiye anayeniletea fedha zake nimtunzie.

Likelemba ya kazini kwenu, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, watu kumi wa dola 100, siikatai, kwa sababu inamkinga mtu na mkono wake mwenyewe. Ila ujue kwamba ukichukua zamu ya kwanza umekopeshwa bila riba, na ukichukua ya mwisho umewakopesha wenzako tisa bila riba. Kwa hiyo uingie ukiwa na kitu kilichokwisha kupangiwa zile 1,000, na usiingie na watu ambao mikataba yao inaisha kabla ya zamu yako.

Mwisho wake fedha lazima zigeuke kitu. Vyumba viwili vya nyuma ya lupango letu, yaani kiwanja chetu, vilinigharimu dola 2,600 kwa miaka minne, tofali kwa tofali, na vinaniletea dola 80 kwa mwezi. Kwa hesabu ya Marekani ningehitaji lundo la dola 24,000 ili nipate kiasi hicho. Usishangilie upesi: mpangaji mmoja aliondoka usiku na kodi ya miezi mitatu, choo hujaa, na mvua za Desemba zinajua kila msumari wa bati. Hizo dola 80 nazifanyia kazi. Lakini nilipokataa lile shauri la kuuza nusu ya lupango, wakati kaka wa marehemu alipokuja na wanunuzi wake, nilikataa nikiwa nimekaa, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa sikuwa na haja ya fedha zao wiki ile. Mwaka 2004 nisingeweza.

Unakuja mwisho wa mwezi ujao, uliniambia. Njoo na basi, na uje na daftari lenye wiki hizo zote ndani yake, hata kama lina aibu. Langu la kwanza nitakuonyesha pia, na lina aibu zaidi. Chumba cha tatu kimefika kwenye paa. Kinakosa mlango na madirisha mawili, na seremala ananiomba dola 180. Sikuombi, natafuta zangu. Nakutajia bei ili uiandike.

Mama yako