Wifi yangu, tuzungumze kuhusu lile gauni

Wifi yangu mpenzi,

Ulipoandika kwenye kundi la familia kwamba Wafaransa wamefanya vyema kupiga marufuku abaya shuleni kwa sababu "wanawakomboa wale watoto", nilinyamaza. Nikikujibu usiku ule ningekukosea adabu, nawe ni mke wa kaka yangu na nakupenda.

Tarehe 4 Septemba 2023, siku ya kufungua shule, wasichana karibu 300 walifika wamevaa abaya. 67 walikataa kuzivua, wakarudishwa nyumbani. Hebu simama nao pale langoni, wifi. Mtu mzima anamwamuru mtoto wa kike avue nguo ndipo aingie darasani, na wapo watetezi wa wanawake wanaopiga makofi. Kesho yake, Lyon, binti wa miaka 15 alirudishwa akiwa na jinzi, fulana na kimono. Kimono, vazi la Kijapani! Angeivaa mwenzake ingekuwa fasheni. Kwake yeye ikawa dini. Basi kilichokaguliwa pale hakikuwa kitambaa.

Na haya ni ya zamani. Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa niaba ya Waingereza hadi 1907, alishikilia kwamba Uislamu umemdunisha mwanamke, akiulaani utaji. Aliporudi kwao akaongoza chama cha wanaume kilichopinga wanawake wa Uingereza kupiga kura. Mei 1958, mjini Algiers, Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa, wanawake walivuliwa mitandio hadharani, jukwaani, wakati jeshi la Ufaransa likipigana na ndugu zao.

Utaniuliza habari za Iran. Waliochoma mitandio yao mwaka 2022 baada ya kifo cha Mahsa Amini, binti aliyekufa baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa ajili ya mtandio, niko nao kabisa. Walichoka kuchaguliwa nguo na askari. Wale 67 nao walikataa kuchaguliwa nguo na serikali. Mbona hao huwapigii makofi?

Ulipokuja kumzika mama uliazima buibui langu, lile linaloning'inia nyuma ya mlango. Ulilivaa siku tatu za matanga, ukapika nalo, ukalia nalo. Hakuna aliyekuuliza umelazimishwa na nani.

Hapo Marseille umezungukwa na Wangazija, na mabinti zao ndio hao wanaokaguliwa langoni. Kabla hujaandika tena kwamba wamekombolewa, bisha hodi kwa jirani, ukae na binti yake, umuulize.

Wasalimie watoto.

Wifi yako, Mombasa