Mmemwandika Barbara Castle mkaiacha Hola

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi lilipokuwa likifika Hola siku ya pili, limekunjwa chini ya kiti cha dereva wa basi. Katika miaka hiyo yote sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu marehemu Barbara Castle, mbunge wa Uingereza, ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Mwandishi wenu alipewa ukurasa mzima. Akatueleza kwamba mama huyu alizaliwa Chesterfield mwaka 1910, akawa mbunge wa Blackburn kwa tiketi ya chama cha Leba kuanzia 1945 hadi 1979, akawa Waziri wa Uchukuzi asiye na leseni ya kuendesha gari, na ndiye aliyewaletea Waingereza kile kifaa cha kupulizia cha kupima ulevi wa madereva, ambacho sisi twakiita alkoblo. Tukaelezwa habari za mikanda ya usalama, Sheria ya Malipo Sawa ya 1970, na jinsi Waziri Mkuu Callaghan alivyomwachisha uwaziri mwaka 1976. Tukasomeshwa aya mbili nzima za nywele zake nyekundu na mavazi yake. Sina ugomvi na hayo, ingawa sijaona mbunge mwanamume akiandikiwa aya mbili za nywele. Ugomvi wangu ni kwamba Kenya haikutajwa popote. Gazeti la Kenya linaandika kuhusu mbunge aliyepanda ndege kuja kwetu mwaka 1955 kutafuta ukweli ambao serikali ya nchi yake ilikuwa ikiufunika, na neno Kenya halimo!

Alikuja Novemba mwaka huo, safari ikigharamiwa na gazeti la Daily Mirror. Kilichomleta kilikuwa kifo cha Kamau Kichina, kibarua aliyeshukiwa kuiba pesa za mzungu, akapigwa na polisi siku kadhaa mfululizo, akafungwa kwenye nguzo usiku wa baridi akiwa na blanketi tu, hadi akafa. Mashtaka ya mauaji dhidi ya maofisa wale yalifutwa, wakashtakiwa kwa kosa dogo zaidi. Castle alitaka kujua ni nani aliyeamua hivyo na kwa nini. Alitaka pia ichapishwe ripoti ya Kanali Arthur Young, yule mkuu wa polisi aliyejiuzulu hapa mwisho wa 1954 kabla hajamaliza hata mwaka mmoja kazini. Watawala wa Nairobi hawakumpenda. Alirudi kwao akaandika aliyoyaona, na akaendelea kusimama Bungeni kuuliza maswali ambayo Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakupenda kuyasikia.

Halafu ikaja Hola, kwenye kambi ambamo mkoloni aliwazuilia washukiwa wa Mau Mau. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita. Marehemu baba alikuwa akiwauzia askari wa kambi kambare wa Mto Tana, na siku ile alirudi na kapu zima, hajauza hata samaki mmoja, akakaa kizingitini bila kuvua kofia mpaka giza likaingia. Mama alimuuliza mara mbili, hakujibu. Tarehe 3 Machi 1959, watu 85 waliokuwa kizuizini walitolewa kwenda kuchimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji, chini ya mpango uliopitishwa na wakubwa kwamba wasiotaka kufanya kazi watalazimishwa kwa nguvu. Wakapigwa marungu. Kumi na mmoja wakafa. Na serikali ikatoa taarifa kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Maji, mhariri! Watu wamevunjwa mifupa mchana kweupe, na mtu mwenye elimu yake na mshahara wake anakaa mezani, anachukua karatasi, anaandika kwamba ni maji. Uongo huo ulianguka baada ya madaktari kupasua maiti na uchunguzi wa vifo kufanyika, lakini London wakubwa walitaka jambo lipoe wenyewe wasiguswe. Walioukataa upoaji huo ni wabunge wachache, na Barbara Castle alikuwa mstari wa mbele. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Baraza la Makabwela la Bunge la Uingereza lilikesha likijadili wafu wa Hola. Castle alizungumza. Na kutoka upande wa serikali yenyewe akasimama Enoch Powell, Mhafidhina, mtu yuleyule ambaye mwaka 1968 alihutubia Birmingham dhidi ya wahamiaji, akawaambia wenzake kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Afrika na kingine kwa Uingereza. Baada ya uchaguzi wa Oktoba, Lennox-Boyd hakuwa tena waziri. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa, na mwezi huohuo viongozi wetu wakaketi Lancaster House, London, kujadili mustakabali wa Kenya. Mtu anawezaje kuandika maisha ya mama huyu akayaruka haya yote, kisha akapata nafasi ya kueleza rangi ya nywele?

Mtasema mimi ni mzee anayelilia mambo ya kale. Basi nisikilizeni. Mwaka jana mjukuu wangu, aliye kidato cha pili katika shule ambayo sitaitaja, alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa historia. Swali lilihusu vifo vya Hola. Alikuwa ameandika kwamba waliokufa walipigwa, kwa sababu mimi nilimweleza, na babu yake mkubwa alikuwepo. Mwalimu alikuwa amechora msalaba mwekundu, na pembeni ameandika: "Walikunywa maji yenye sumu." Nilienda shuleni asubuhi iliyofuata. Mwalimu ni kijana mwenye heshima, alinipa kiti, akanisikiliza. Akaniambia, "Mzee, shikamoo, lakini hivi ndivyo nilivyosoma." Akafungua kabati akanionyesha kipande cha gazeti alichokibandika ndani ya daftari lake la maandalizi. Nilivaa miwani nikasoma. Kilikuwa kimekatwa kutoka gazeti lenu, na kilieleza habari ya maji kama jambo la kweli, bila neno moja kwamba huo ulikuwa uongo wa serikali ya mkoloni. Mimi nimefundisha miaka thelathini na mitatu. Nilitoka ofisini kwake miguu ikinitetemeka. Mwaka 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo, alisimama katika Bunge lilelile la Castle, akakiri mateso yale, Uingereza ikakubali kuwalipa wahanga 5,228. Waingereza wenyewe wamekiri, na darasani Hola mtoto ananyimwa alama kwa kusema kweli.

Na kwa kuwa mmemsifu Castle kwa mikanda, andikeni basi na habari za mikanda yetu. Mwezi jana nilipanda matatu Malindi kurudi nyumbani. Mkanda wa kiti changu ulikuwa umepigwa mafundo matatu, umekakamaa kama kamba ya mashua, na ulimi wake wa chuma haupo. Nilipomwambia kondakta, alinijibu, "Ushike tu begani, mzee, tukikaribia polisi." Kabla ya Garsen tukafika kwenye kizuizi cha polisi barabarani. Abiria wote tukaivuta ile mikanda vifuani kwa mikono, mama mmoja akamfunika mtoto wake kwa kipande kilichokatika, askari akachungulia dirishani, akagonga bati mara mbili, tukaondoka. Tangu kanuni za matatu za marehemu Waziri Michuki za 2004 ni miaka mingi, na bado tunaishika mikanda kwa mikono.

Ninachotaka ni hiki. Tarehe 3 Machi ijayo, ukurasa wa tatu, chapisheni kwa Kiswahili yale Castle na Powell waliyoyasema usiku ule wa Julai 1959. Yamo kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge la Uingereza, na kila mtu anaweza kuyasoma. Mpeni kazi ya kutafsiri mtu anayekijua Kiswahili, si mashine. Juu yake wekeni majina ya wale kumi na mmoja, yote, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu atazisoma bila kuazima miwani, na pasiwe na tangazo la bia pembeni. Chini yake semeni wazi kwamba habari ya maji mliyoichapa zamani haikuwa kweli. Kisha niwekeeni nakala arobaini kwa wakala wenu wa Malindi, kwa sababu darasa la mjukuu wangu lina wanafunzi arobaini. Nitazilipia, na nauli ya kuzifuata nitatoa mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Hola, Kaunti ya Tana River