Mtaka nyumba Chattanooga sharti ainame

Mhariri,

Makala za Kiswahili kuhusu ndugu zetu wanaonunua nyumba Marekani huishia kwenye bei na riba. Kwa mji kama Chattanooga, Tennessee, hayo hayatoshi, na mnunuzi anaumia kwa kutoambiwa yaliyobaki. Naomba nafasi niyaeleze.

Mji wenyewe una mvuto wa kweli. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 181,099, Tennessee haitozi kodi ya mshahara, na EPB, shirika la umeme la mji, lilianza kuwapa wateja intaneti ya gigabiti moja mwaka 2010. Lakini nyumba nyingi za zamani hazikukaa juu ya bamba la zege. Zimeinuliwa juu ya kuta fupi za msingi, na chini ya sakafu kuna uvungu ambao mtu huingia kwa kutambaa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame: hapa methali hiyo ichukuliwe neno kwa neno.

Kiangazi cha kusini kina joto na unyevu mwingi. Hewa hiyo ikipenya uvunguni kupitia matundu ya ukuta, inakutana na njia za hewa baridi za kiyoyozi, inapoa na kuacha matone kwenye maboriti. Wajenzi wa zamani waliweka matundu ili uvungu ukauke. Kiangazi matundu hayohayo ndiyo yanayoulowesha. Mbao zikikaa muda mrefu na unyevu unaozidi asilimia 20, zinaingia kwenye hatari ya kuoza, na mchwa hupenda palipo na maji. Juu, mnunuzi anaona rangi mpya na jiko jipya. Aangalie badala yake sakafu inayobonyea akitembea, harufu ya ukungu kabatini, na nje ya msingi vijia vya udongo vya mchwa, vyembamba kama penseli, vinavyopanda ukutani.

Tennessee ina leseni ya wakaguzi wa nyumba. Kabla ya kumlipa mkaguzi, muulize kama ataingia uvunguni mwenyewe, na mita ya unyevu, na kama atakupa picha za kila pembe. Ripoti ikisema uvungu haukufikika, kwangu nyumba hiyo haijakaguliwa. Udongo wote uvunguni ufunikwe nailoni nzito, unene usiopungua milimita 0.15, vipande vikipishana sentimita 15. Maji yakikutwa, chanzo mara nyingi kiko nje: mifereji ya paa imeziba, au bomba lake linamwaga maji mguuni mwa msingi. Ardhi inatakiwa ishuke sentimita 15 katika mita tatu za kwanza kutoka ukutani. Kasoro ya mfereji isikukimbize. Ni kazi ya siku moja. Boriti lililooza ni jambo jingine, na hilo lipatiwe bei ya fundi kabla hujasaini chochote zaidi.

Vipo vipimo ambavyo mara nyingi havimo katika ukaguzi wa kawaida wa nyumba na hulipiwa peke yake. Cha mchwa ni cha lazima kwa busara, hata benki isipokidai. Redoni ni gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye miamba na kusababisha saratani ya mapafu. Hupimwa kwa saa 48 au zaidi, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, na ikifika pikokiuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa, mashine ya kuitoa inahitajika. Bomba la maji taka lipitishiwe kamera, hasa katika mitaa ya kale kama St. Elmo na Highland Park, maana mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma au chuma hupasuliwa na mizizi ya miti. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ina haki ya ziada: sheria inampa mnunuzi siku 10 za kuichunguza rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na ile ya kati ya 1978 na 1995 ichunguzwe kama ina mabomba ya plastiki ya kijivu ya polibutilini, ambayo huvuja bila kutoa onyo.

Haya yote yafanyike ndani ya siku za ukaguzi zilizoandikwa kwenye mkataba. Zikipita kabla hujatoa taarifa kwa maandishi, amana yako, yaani fedha ulizoweka mwanzoni kuonyesha nia ya kununua, inaweza kupotea. Kasoro ikionekana, mimi napendelea muuzaji apunguze bei au achangie gharama za kufunga mauzo (kukamilisha hati na malipo) kuliko yeye kutengeneza. Anayehama hutafuta fundi wa bei rahisi.

Kodi ya ardhi ndiyo inayowashangaza wengi mwaka wa pili. Tennessee hutoza makazi kwa robo ya thamani: nyumba ya dola 300,000 huhesabiwa kama dola 75,000, kisha kiwango hutozwa kwa kila dola 100. Walio ndani ya mji hulipa mara mbili, kwa Kaunti ya Hamilton na kwa Chattanooga. Red Bank na East Ridge zinaonekana kama mitaa tu, lakini ni miji inayojitegemea yenye viwango vyake. Kaunti ilithamini upya mali mwaka 2025, kwa hiyo bili ya zamani iliyonakiliwa kwenye tangazo haina maana. Nyumba mpya ina mtego wake: bili ya kwanza inaweza kuwa ya kiwanja kitupu, na benki, ambayo mara nyingi hukusanya kodi hii ndani ya malipo yako ya mwezi, ikiyakadiria kwa bili hiyo, upungufu utakuja kudaiwa kwa mkupuo. Mwisho wa kulipa ni siku ya mwisho ya Februari. Kuanzia Machi 1 riba ni asilimia 1.5 kila mwezi.

Bei zikipanda, wengine huvuka mpaka kwenda Rossville au Ringgold. Huko ni Georgia. Mkazi wa Georgia hulipa kodi ya mapato kwa Georgia hata kama kazi yake iko Chattanooga. Akinunua kukaa mwenyewe, aombe punguzo la kodi ya makazi kabla ya Aprili 1.

Kuhusu mkopo, wa FHA, yaani unaodhaminiwa na serikali kuu, huhitaji malipo ya awali ya asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mkopo (za rekodi yake ya kulipa madeni) 580 na kuendelea. Lakini tangu Mei 2025 wenye viza za muda hawaupati tena. Wenye ukazi wa kudumu bado wanaupata. Pia, ukitanguliza chini ya asilimia 10, bima ya mkopo huo, inayoilinda benki usipolipa, hulipwa hadi mkopo uishe. Kwenye mkopo wa kawaida, usio na dhamana ya serikali, unaweza kuomba iondolewe deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya awali.

Kwenye bima ya nyumba, soma mstari wa upepo na mvua ya mawe. Aprili 12, 2020 tonado ilibomoa nyumba nyingi East Brainerd. Makato ya dhoruba huweza kuwa asilimia ya thamani ya nyumba: asilimia 2 ya dola 300,000 ni dola 6,000 kutoka mfukoni mwako kabla kampuni haijatoa senti. Uliza pia kama paa kuukuu litalipwa kwa bei ya jipya. Mafuriko hayamo; bima yake ya serikali huchukua siku 30 kuanza, isipokuwa ikikatwa pamoja na mkopo.

Siku tatu za kazi kabla ya kufunga mauzo utapokea hesabu ya mwisho. Ilinganishe mstari kwa mstari na makadirio ya mwanzo. Na ukiletewa barua pepe inayosema akaunti ya kupelekea fedha za nyumba imebadilika, usitume: piga simu kwa namba uliyopewa ana kwa ana. Fedha zikishafika kwa tapeli, ni nadra kurudi.

Msomaji wako,
Chattanooga, Tennessee