Barua kwa mwanangu: freti kwanza, nati baadaye

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Dar es Salaam hatujambo. Picha za shingo ya gitaa la besi unalolitengeneza tumezipata, na mama yako amezikuza kwenye simu yake mpaka tukaihesabu mifuo yote 20 ya kupigia freti, vile vipande vya waya wa chuma vinavyokatiza shingo. Umeniambia kwamba unataka kukata nati, kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi upande wa kichwani, wiki hii ili ufunge nyuzi na kuisikia sauti. Nakuomba usubiri. Kimo cha nati hupimwa kutoka juu ya freti, na freti zako hazijapigwa wala kusawazishwa, kwa hiyo kipimo utakachokipata leo hakitakuwa na maana mwezi ujao, na zaidi ya hapo mfupa huo utakuzuia kupitisha ubao wa msasa juu ya freti za mwanzo.

Hata hivyo, mahali pa nati lazima pajulikane tangu mwanzo. Umechagua urefu wa uzi unaotetema wa milimita 864, yaani inchi 34, kipimo kilekile alichokitumia Leo Fender, yule mtengeneza magitaa wa Marekani, katika besi yake ya Precision ya mwaka 1951, iliyokuwa na freti 20 kama yako. Ukigawa 864 kwa 17.817 unapata milimita 48.5, na hapo, ukipima kutoka nati, ndipo inapokaa freti ya kwanza. Kisha unachukua urefu uliobaki, unaugawa kwa namba ileile, na kuendelea hivyo mpaka freti ya 12 iangukie milimita 432, nusu kamili ya uzi. Zamani mafundi wa vinanda vya nyuzi huko Ulaya waligawa kwa 18, kanuni aliyoieleza Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, mwaka 1581. Ilikuwa kanuni nyepesi kichwani, lakini kwenye shingo yako ingeiweka freti ya 12 kiasi cha milimita 3 kabla ya mahali pake.

Ihakiki mifuo yako kwa rula ndefu ya chuma, ukipima kila mmoja kutoka ukingo wa nati bila kuisogeza rula. Ukipima kutoka mfuo hadi mfuo, vikosa vidogo hujumlishana, na kule karibu na kiwiliwili, ambako freti ya 19 na ya 20 zinaachana kwa milimita 16 tu, vitasikika waziwazi. Ukingo ninaousema ni ule unaotazamana na freti. Uzi uuache mfupa hapo hapo. Ukiuachia nyuma yake, hata kwa milimita moja, hesabu yote imeharibika.

Mpingo umeuchagua vizuri kwa ule ubao wa juu ya shingo unaoshika freti. Ndio mti ambao wenzetu hutengenezea klarineti na obo, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ukishaishika freti hauiachii. Ila ugumu huo una adhabu yake. Mfuo ukiwa mwembamba mno kwa ulimi wa freti, ile sehemu yake inayozama mfuoni, nyundo itabandua vibanzi kwenye kingo, na freti 20 zilizobanwa kwa nguvu zitaisukuma shingo nzima ipinde kinyumenyume. Pitisha tupa ya pembe tatu juu ya kila mfuo mara moja au mbili ili kuzivunja kingo zile kali, kisha ukunje waya wa freti uwe na mviringo uliozidi kidogo ule wa ubao, upige ncha zake kwanza na katikati mwisho. Kwa kuwa mbao hizo zilikaa hapa pwani kwenye unyevu, nawe uko Dodoma ambako hewa ni kavu, ubao utasinyaa kwa upana na ncha za freti zitachomoza na kukwaruza kiganja. Dawa yake ni kuiacha shingo ikae ndani ya nyumba yako wiki kadhaa kabla ya kuzipiga ncha tupa ya mwisho.

Kusawazisha kunakuja baada ya hapo. Kaza au legeza fito ya chuma iliyo ndani ya shingo mpaka ubao unyooke, halafu weka rula fupi juu ya freti tatu tatu. Ikicheza, ile ya katikati imeinuka. Usikimbilie tupa. Mara nyingi freti hiyo haijakaa vizuri tu, na nyundo pamoja na tone la supa gluu humaliza neno. Zikitulia zote, zipake wino wa kalamu ya maka juu, upitishe ubao ulionyooka wenye msasa namba 400, taratibu, mpaka kila freti iwe imeguswa, kisha uache papo hapo. Sasa kila freti ina kilele bapa, na kilele bapa hufanya uzi uvume na sauti ipotee kidogo. Zipake wino tena, uzirudishie mviringo kwa tupa kutoka pande zote mbili, ukibakiza katikati mstari wa wino wenye wembamba wa unywele. Mstari huo usiuguse, kwa sababu ndio kimo ulichokitafuta.

Ndipo uende bucha ukaombe mfupa wa muundi wa ng'ombe. Uchemshe, uukwangue, uuoshe mafuta kwa sabuni, uukaushe kivulini. Usiuchemshe kupita kiasi, maana hugeuka kama chaki. Plastiki mimi siipendi kwenye besi, kwani uzi mnene huila haraka.

Usigawe mifuo ya nati kwa kupima katikati ya uzi hadi katikati ya uzi. Nyuzi zako zina unene wa milimita 2.67, 2.16, 1.65 na 1.14, kwa hiyo mgawo huo huwabana wanene wawili na kuwaachia wembamba nafasi kubwa. Nati yako ina upana wa milimita 42, acha 3.5 kila upande, toa unene wa nyuzi zote, na utabaki na nafasi tatu za milimita 9.1 kati ya uzi na uzi. Kama huna tupa za nati, zungushia msasa mwembamba kwenye kipande cha uzi wa zamani ulio mwembamba zaidi ya ule unaoutengenezea mfuo. Kata ukiwa umeinamisha mkono kuelekea kichwani, na ushuke kidogo kidogo huku uzi ukiwa umekazwa. Kila mara ubonyeze uzi kwenye freti ya tatu, utazame juu ya freti ya kwanza: pakibaki nafasi ya kupitisha karatasi, simama. Ukizidisha, kuna wanaojaza unga wa mfupa na supa gluu. Hiyo inafaa kwa onyesho la usiku mmoja, lakini mwenye besi yake achonge nati nyingine.

Ukifika kwenye hatua ya wino nitumie picha kabla ya kuendelea. Mama yako anakusalimu na anasisitiza uvae barakoa, kwa sababu vumbi la mpingo na la mfupa yote ni mabaya kwa mapafu.

Baba yako