Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wanafunzi wa Biashara, Mtwara

Ndugu wanachama, nawasalimu nyote, kila mmoja kwa imani yake.

Shughuli za kawaida zilifanyika: kuwapokea wa mwaka wa kwanza, bonanza, usafi wa ufukwe wa Shangani na kuwaaga wa mwaka wa tatu. Mlikuwepo, sitarudia.

Nije kwenye safari ya mafunzo, maana maneno yamekuwa mengi. Wengi mlitaka Dar es Salaam, mkaone soko la hisa. Kamati, chini yangu, iliamua twende Tandahimba kwenye korosho. Kwenye grupu nikaambiwa nimegeuza chama cha biashara kuwa cha mazingira. Hata kwenye mdahalo wetu kauli ilikuwa hiyo hiyo: uendelevu, yaani kufanya biashara bila kuharibu mazingira, ni somo la kujazia ratiba, sisi tuonyeshwe faida kwanza.

Haya, faida. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Mfanyabiashara aliyebaki na shehena ghalani aliyakuta mazingira kwenye hesabu yake ya hasara. Juni 2023 vikatoka viwango vya kimataifa vya utoaji taarifa za kampuni, IFRS S1 na S2, vinavyohusu taarifa za uendelevu na tabianchi. Hivyo ni vya wahasibu, si vya mabwana misitu. Anayedhani ataajiriwa bila kuulizwa habari hizo, shauri yake.

Na Tandahimba tuliona. Akina mama wanaobangua kwa mikono walikuwa wamejipaka majivu vidoleni, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Shambani mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yameoza chini ya mikorosho, nzi wametanda, kwa kuwa mnunuzi anataka korosho tu. Mwanachama mmoja, ambaye ndiye aliyelalamika kuliko wote, alianza kupiga hesabu ya juisi pale pale. Waliokulia mashambani walielewa haraka kuliko sisi wa mjini. Soko la hisa lingetupa picha za kupiga getini, basi.

Fedha: ada ni shilingi 5,000 kwa mwaka. Kati ya wanachama 146 wamelipa 58, yaani 290,000. Michango ya safari 620,000. Matumizi yote 871,000, baki 39,000. Stakabadhi ziko kwa mhazini, aje yeyote azikague. Kwa fedha hiyo, Dar tungefika kwa miguu?

Mkutano wa Machi, ulioitishwa mahsusi kujadili safari hii, walihudhuria 17. Tuliahirisha kwa kukosa akidi. Usiku wake grupu ilikuwa na ujumbe usiohesabika, mwingi wa wasiolipa ada. Kamati ilinunua hata soda, nyingine kwa fedha ya mfukoni mwangu, na sikudai.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuuomba uongozi wa chuo uendelevu uingie kwenye masomo yenyewe ya uhasibu na masoko, na tukipata mfadhili tutaangalia mradi mdogo wa mabibo. Dar nayo itafikiriwa. Mhazini anapokea ada kila Ijumaa baada ya vipindi.

Mwenyekiti