Babu yako ameisikia treni

Chuno, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku wote wazima.

Ile video ya treni ya mvuke ya Ffestiniog, huko Wales, uliyonitumia nilimpelekea babu yako jana jioni. Macho yake siku hizi hayaoni kitu kwenye simu, basi nikamwekea sikioni. Akasikiliza kimya, kisha akasema, "Rudia." Mara ya tatu akanyanyua kidole: "Hapo inapanda mlima, na imebeba." Nikatazama, kweli, inapanda.

Nikamuuliza kajuaje, maana unajua si mtu wa kusimulia. Akasema wao wa genge la reli, waliokuwa wakibadilisha mataruma, yale yanayolala chini ya vyuma vya reli, njia ya Mtwara na Nachingwea, waliishi kwa masikio. Mvuke ukishamaliza kazi ya kusukuma magurudumu hutokea kwenye bomba la moshi, ndiyo ile chaa, chaa, chaa. Treni ikielemewa mlimani, mapigo huwa mazito, ya polepole. Ikija nyepesi, mapigo husikika kidogo tu, na hiyo ndiyo ya kuikimbia mapema.

Habari za reli ile hatukuwahi kukuambia vizuri, na kosa ni letu. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mwaka 1949 treni zilianzia Mkwaya, kule kwenye hori la Lindi, kwenda Nachingwea. Mradi ukafa 1951. Reli ikaunganishwa na gati letu la Mtwara mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo tena! Mwaka 1962 ikafungwa, kisha ikang'olewa. Babu yako aling'oa mataruma aliyoyatandika kwa mikono yake. Alipofika hapo alinyamaza, nami sikumsukuma.

Ndiyo maana safari yako imenifurahisha na kuniuma pamoja. Reli hiyo ya Wales upana wake haufiki hata sentimita 60. Ya babu ilikuwa mita nzima. Nimesoma kwamba ilifunguliwa 1836 kubeba mawe ya kuezekea nyumba, ikasimama 1946. Mwaka 1955, mmoja tu tangu yetu ifike Mtwara, watu wa kujitolea wakaanza kuiendesha upya. Bwawa la umeme lilikuwa limemeza kipande cha njia, wakachimba nyingine kupita kilimani, hadi 1982 wakafika tena mwisho wa reli. Wengine walitumia likizo zao kubeba kokoto. Mwanangu, nimewapenda watu hao bila kuwaona.

Sasa nina ombi. Ukienda tena, simama stesheni kabla treni haijaondoka, urekodi tangu filimbi. Babu anataka lile pigo la kwanza, behewa zikivutika. Usizungumze wakati unarekodi, wala usiweke muziki.

Na kile kichwa cha treni chenye mabomba mawili ya moshi, nilidhani ni vichwa viwili vimegeuziana migongo. Babu anauliza dereva anasimama wapi. Muulize dereva mwenyewe, kwa adabu, umletee jibu.

Mama yako