Ukikata shafti (mpini) ya fimbo yako ya gofu nyumbani usije ukatuuliza mbona mpira hauendi

Wiki iliyopita kaja dukani kwetu mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, kaweka mezani draiva, ile fimbo ya kupigia mpira wa mbali, bila hata salamu, na yeye si mtu wa hivyo, akasema vijana mmeniuzia fimbo mbovu, nataka hela yangu. Nikaichukua, nikaitingisha kidogo tu, nikajua. Mzee, hii umeikata? Kimya. Halafu ndo akasema alisoma mahali kwamba Tiger Woods enzi zake za moto alikuwa anatumia draiva ya inchi 43 na nusu, na yake ilikuwa 45, kwa hiyo kapunguza inchi moja na nusu nyumbani, kwa kile kikatio cha mabomba.

Sasa hili si la mzee peke yake, ndo maana naandika. Kila mwezi hawakosi wawili watatu, na karibu wote wanaanza kwa kusema sisi ndo tumewaibia.

Ni kweli Tiger alitumia draiva fupi. Ila ilikuwa na shafti ya chuma, nzito na ngumu, na ile fimbo ilijengwa hivyo toka mwanzo, kichwa, shafti na urefu vyote vimepangwa pamoja. Ya mzee ni grafiti nyepesi na kichwa kilichopangiwa inchi 45. Ukikata nusu inchi tu, swingiweti, yaani jinsi uzito wa kichwa unavyosikika ukipunga fimbo, inashuka kama pointi tatu, piga hesabu inchi moja na nusu, ni pointi tisa. Kwa alama za kipimo chetu, tulimpa fimbo ya D3, yeye katuletea C4, nyepesi kwa pointi hizo tisa. Ndo maana anasema hasikii kichwa kiko wapi akifika juu ya swingi, yaani akiinua fimbo kupiga, atakisikiaje na uzito haupo? Kuurudisha unahitaji kama gramu mbili kichwani kwa kila pointi, yaani gramu 18 hivi, na kichwa kizima cha draiva ni kama gramu 200. Si jambo la kubandika kipande cha madini ya risasi ukaondoka.

Na hatusemi draiva fupi ni mbaya. Wengi wakipunguziwa wanaanza kuupata mpira katikati ya uso na hawapotezi umbali wanaouogopa. Mzee angetuambia tu, tungekata, tungebadilisha skrubu ya uzito, tungempimia tena, kazi ya mchana mmoja. Lakini kile kikatio cha mabomba kinabana, na grafiti haitaki kubanwa, inataka ufunge tepu kwanza halafu ukate taratibu na diski ya kusaga. Tulipovua gripu, kile kishikio cha juu, tukakuta ufa umeshuka kama upana wa vidole vinne. Shafti imekufa. Hapo sasa nani kamla nani?

Kuna kaka mwingine alikuja na jambo la Bryson DeChambeau, yule pro wa Marekani. Mnajua Bryson ayani zake zote, zile fimbo za kichwa cha chuma zenye namba, zina urefu mmoja, inchi 37 na nusu, na kashinda US Open 2020 na tena 2024, kwa hiyo ukibisha watu wanakuonyesha makombe. Huyu kaka kachukua seti yake ya kawaida, ndefu kazikata, fupi kaziongeza kwa vipachiko, zote zikalingana kama vijiti vya meno. Shida ni kwamba kwenye seti ya kawaida vichwa havina uzito mmoja, kila ayani inazidi iliyotangulia kama gramu saba, kwa sababu urefu unapungua. Ukizilinganisha urefu bila kulinganisha vichwa, ayani nne inakuwa kama unapunga fimbo ya mvuvi na ya tisa kama nyundo. Vichwa vya Bryson vilitengenezwa uzito mmoja. Yule kaka alinunua seti nyingine mwishowe, na bado anasema kwetu ni ghali.

Tuzungumze bei basi. Tunatoza kupima hata kama hununui, na najua linawaudhi. Kupima kwetu si kusimama ukutani na futi. Tunakupigisha mipira mpaka mwili uache kuigiza, maana dakika kumi za kwanza kila mtu ana swingi ya televisheni. Tunachora mstari kwa kalamu nyuma ya mpira, tunaugeuzia kwenye uso wa ayani, ukipiga ile wino inabaki usoni. Mstari ukisimama wima, pembe iko sawa. Ukilala, ncha ya kichwa iko juu au kisigino ndo kiko juu, na hapo unakuta mtu kahangaika miaka miwili na mwalimu kurekebisha mpira wa kushoto kumbe fimbo ndo inampeleka kushoto. Tunakunja shingo ya kichwa nyuzi moja, moja na nusu. Ayani za kufuliwa zinakubali, za kumiminwa chuma kigumu tunaenda kwa kuogopa maana zinaweza kuvunjika mkononi, na ikivunjika ni yetu.

Dada mmoja alinunua ayani za Ping za mtumba, nzuri tu, akaniambia kazichagua kwa sababu zina nukta ya bluu inayopendana na begi lake. Ile nukta si urembo! Inaonyesha pembe ya shingo, nyeusi ndo standadi, bluu imesimama zaidi, nyekundu imelala zaidi. Bahati yake zilimkaa vizuri. Wengine hawana bahati hiyo.

Halafu kuna wanaopimwa, wanapiga picha karatasi ya vipimo, wanaagiza mtandaoni. Sawa, ni haki yako, umelipia. Ila mmoja aliletewa shafti yenye ncha ya inchi 0.370 na shimo la shingo ya ayani yake ni inchi 0.355, haiingii, akaipiga tupa mpaka ikaingia. Alipofika shimo la tano uwanjani kichwa kikautangulia mpira. Alikuja kwetu na vipande viwili tofauti.

Mapro hawana mambo haya kwa sababu hawalipi, wanalipwa. Malori ya watengenezaji yanakaa pale pale kwenye mashindano na fundi ndani, pro akihisi weji, fimbo ya mipira mifupi, imesogea nyuzi moja anaingia nayo asubuhi anatoka nayo imenyooka, gripu mpya juu. Na swingi zao, wengi wanapita maili 110 kwa saa na draiva. Wateja wetu wengi wako tisini na kitu, wengine themanini, na bado mtu anadai shafti ya X, ile ngumu sana, kwa sababu ndo aliyoona kwa pro Rory McIlroy. Tukimwekea R, ya kawaida, anaona tumemdharau. Mara nyingi ile X inampa mpira wa chini unaokimbilia kulia, halafu lawama ni kwa fundi.

La mwisho, gundi. Epoksi tunaiacha mpaka kesho yake. Msitupigie simu kila saa, hatujalala. Aliyetulazimisha siku moja tumpe fimbo ambayo gundi imekaa masaa mawili tu alikuwa na mechi, na kile kichwa kilikwenda mbali kuliko mpira, kedi wake, mbeba begi, ndo alikwenda kukitafuta kwenye majani.

Draiva ya mzee tumeiwekea shafti nyingine, inchi 44 na robo, tukakubaliana baada ya kupiga mipira kama arobaini na maneno mengi, na kichwani tumeongeza skrubu nzito. Iko kwenye stendi inakauka. Mzee kama unasoma, njoo kesho baada ya saa nne, usije leo.